Mstari umefungwa pande zote, moto umetoka tena: tatizo huwa liko wapi hasa?

#1 MlinziWaMnara
Wakuu salaam. Kila taarifa ya moto wa msituni ina sentensi hii: "moto umezingirwa asilimia 100". Watu wanapumua, magari yanaondoka, siku ya pili au ya tatu moshi unafuka nje ya mstari wa kuzuia moto. Halafu lawama zote anabebeshwa aliyechimba.

Hoja yangu ni kwamba mstari uliokwanguliwa hadi udongo mtupu, bila jani, mzizi wala mboji, hauvukwi na moto unaotambaa. Ukivukwa, upepo umebeba cheche, na upepo haupangiwi. Aliye na sababu nyingine aiweke hapa pamoja na ushahidi.

#2 Sepetu
Mkuu, tuanze na hiyo asilimia, kwa sababu inasomwa vibaya hata na waandishi wa habari. Inapima urefu wa mzingo wa moto uliowekewa kizuizi kinachotarajiwa kushika. Mzingo ukiwa kilomita 10 na kizuizi cha kuaminika kipo kwenye kilomita 6, hiyo ni asilimia 60. Haisemi ni kiasi gani cha eneo kimezimika, na wala haisemi ndani kuna joto kiasi gani. Moto uliozingirwa asilimia 100 unaweza kuwa na mamia ya visiki vinavyowaka katikati.

Baada ya kuzingirwa kuna hatua mbili. Moto *umedhibitiwa* pale sehemu mbichi zilizobaki kati ya mstari na moto zimeshachomwa, cheche zilizotua nje zimezungushiwa, na sehemu zote za moto mkali zinazotishia mstari zimepozwa kiasi kwamba mstari utashika hata hali ya hewa inayotabirika ikibadilika. *Umezimika* ni pale joto halipatikani popote. Kanada wanaongeza hatua ya mwanzo, moto *umeshikwa*, yaani kwa hali ya sasa na nguvu iliyopo hautarajiwi kupita mipaka iliyowekwa.

Kwa hiyo moto ukitoka siku ya tatu, mara nyingi hakuna aliyesema uongo. Watu walisikia neno la hatua ya kwanza wakadhani ni la mwisho.

#3 KisikiKimoja
#1 umesema "bila mzizi" kama jambo dogo. Hapo ndipo penye kesi yote.

Mstari unakwangua juu. Mzizi mkavu wa mti uliokufa unapita chini ya mstari kama bomba, upande mmoja kuna kisiki kinachofukuta, upande wa pili kuna nyasi. Moto unatembea taratibu ndani ya mzizi bila moshi wa maana, unaibuka mita kadhaa mbele baada ya siku kadhaa. Anayepita juu ya mstari haoni kitu.

Dawa yake: ukikuta kisiki au mti mfu karibu na mstari, usiishie kukwangua. Chimba kwa sururu hadi uone mizizi inayokatiza, ikate kwa shoka pande zote mbili za mstari, ng'oa kipande cha katikati ukitupe upande mweusi (ulioungua tayari) kama kimeungua. Ukikata sehemu moja tu na kurudishia udongo, ncha mbili bado zinakaribiana.

#4 Cheche_Tatu
Mizizi ipo, lakini ni wachache wanaokufa kwa mizizi. Kinachovusha moto kwa kasi ni cheche.

Angalia miti mifu iliyosimama ndani ya mstari. Mti wenye uwazi ndani unavuta hewa kutoka chini na kutoa makaa juu, siku nzima. Ukiwa na urefu wa mita 15 na umesimama mita 10 kutoka mstarini, ukianguka kuelekea nje mstari wako hauna maana, na hata usipoanguka unarusha. Huo mti ulitakiwa kuangushwa na mkata miti mzoefu *kabla* ya mstari kuhesabiwa kuwa umekamilika.

Kisha cheche inatua kwenye nini? Majani makavu yenye unyevu chini ya asilimia 5 au 6 yanashwa na sehemu kubwa ya makaa yanayotua. Yakiwa na unyevu mwingi, makaa mengi yanafia hapohapo. Ndiyo maana mstari uleule unashika usiku na unavukwa saa 8 mchana.

Na doria ya mstari inatakiwa *igeuzie moto mgongo*. Watu wanakaa wakitazama upande mweusi kwa sababu ndiko kwenye moshi, huku kaa dogo linawaka nyuma yao.

#5 Mwanafunzi_Porini
Cheche_Tatu, kwa jina hilo hukumu yako tuliijua kabla hujaandika 😄 Naweka kambi hapa, endeleeni.

#6 TutaLaChini
Mnabishana kana kwamba dunia yote ni tambarare. Kwenye mteremko sababu ya kwanza ni vitu vinavyobingirika. Koni za misonobari, vipande vya magogo, mawe yenye kaa limeshikamana nayo, vyote vinashuka. Kikivuka mstari wa chini, kinawasha upande mbichi *chini yenu*, na moto unapanda. Kanuni ya McArthur, mtafiti wa moto wa Australia, inasema kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za mwinamo. Kwenye nyuzi 20 tayari ni mara nne. Aliye juu ya huo moto ana dakika chache sana.

Mstari wa chini ya moto hauwi mkwaruzo wa kawaida. Unachimbwa mtaro, udongo unawekwa upande wa chini kama tuta, na kina chake kinafuata ukubwa wa kinachoweza kushuka. Mtaro unaokamata koni hautakamata gogo. Na magogo yaliyo ndani yageuzwe yaelekee juu na chini ya mteremko, yasilale kukatiza, maana gogo lililolala kukatiza linasubiri tu kamti kanakolizuia kaungue.

Kosa ninaloliona sana kwenye picha za kazi hizi: mtaro umechimbwa vizuri, halafu umejaa majani na makaa baada ya siku moja na hakuna aliyerudi kuuzoa. Mtaro uliojaa ni ngazi.

#7 MlinziWaMnara
Asanteni, uzi umenoga. Swali dogo: upana je? Mstari ukiwa mpana mara mbili si cheche na vinavyobingirika vyote vinapungua?

#8 Sepetu
Kanuni ya kazi ni mara moja na nusu ya urefu wa mimea inayotawala pale. Vichaka vya mita 2, mstari wa mita 3, na ndani yake ukanda uliokwanguliwa hadi udongo mtupu. Lakini upana unazuia *miali na joto*. Hauzuii cheche. Ukipanua kutoka mita 3 hadi 6, cheche inayoruka mita 80 haijali. Ule muda wa kupanua ungetosha kuangusha miti mitatu ya aina anayoisema #4.

Na upana una kikomo kingine: mtu wa jembe hafanyi kazi mbele ya kichwa cha moto (upande unaosonga kwa kasi zaidi) wenye miali inayozidi kama mita 1.2. Hapo anaingia tingatinga au gari la maji, na ikipita takriban mita 2.4 hata hao kazi yao mbele ya kichwa haiaminiki. Mnaanza mkiani na ubavuni.

#9 Bi_Majivu
Naona hakuna aliyegusa nafasi iliyobaki kati ya mstari na moto. Mstari unachimbwa mita 50 au 200 kutoka kwenye ukingo wa moto kwa sababu pale pana ardhi nzuri, halafu katikati panaachwa pabichi. Siku ya kwanza kimya. Siku ya tatu upepo unageuka, ubavu unakuwa kichwa, moto unapata mita 200 za kukimbilia na unafika mstarini ukiwa na miali mirefu. Mstari ambao ungezuia moto wa kutambaa hauwezi kuzuia huo.

Nafasi hiyo ichomwe kutoka mstarini kwenda ndani, vipande vidogo vidogo, mkianza sehemu ya juu ya mteremko au upande unakoelekea upepo ili weusi uanze kujengeka mstarini. Tochi ya matone (kopo linalodondosha mafuta yanayowaka) hujazwa sehemu 3 au 4 za dizeli kwa 1 ya petroli. Petroli ikizidi mnapata mlipuko wa miali badala ya tone linalowaka likifika chini. Watu wa kushika mstari wawe wamejipanga kabla tochi haijawashwa.

Visiwa vibichi ndani ya eneo jeusi navyo ni hivyohivyo. Majani ya juu yaliyokaushwa na joto la siku ya kwanza yanakuwa kuni tayari, na moto wa pili unapita juu ya mahali palipohesabiwa kuwa pameungua.

#10 Jiwe_la_Kilele
#9 unachoeleza ndicho moto wa kukabili. Ndio uliomwokoa kiongozi wa kikosi pale Mann Gulch, Montana, mwaka 1949.

#11 Bi_Majivu
Hapana kaka, umechanganya kazi tatu. Kuchoma nafasi ya mstari ni kazi ya kawaida ya kuimarisha mstari. Moto wa kukabili unawashwa mbele ya moto unaokimbia, ili ule kuni zake au ugeuze mwelekeo wa nguzo ya moshi na hewa moto. Ukikosea umezalisha kichwa cha pili, kwa hiyo uamuzi wake unatoka kwa mkuu wa operesheni.

Mann Gulch ni kitu cha tatu. Wagner Dodge, kiongozi huyo, aliwasha nyasi mbele yake, akaingia kwenye majivu yake akalala kifudifudi, moto mkubwa ukapita pembeni. Hakukusudia kuuzuia. Aliwaita wenzake waingie, hawakumfuata. Wawili waliokoka kwa kufika kilele kupitia ufa wa mwamba. Walikufa 13, tarehe 5 Agosti. Moto wa kujiokolea haumo kabisa kwenye mjadala wa mstari.

#12 Cheche_Tatu
Turudi kwenye mada. Mfano wa wazi ni Oakland, California, mwaka 1991. Moto mdogo wa nyasi ulizungushwa, wakasema uko chini ya udhibiti, wiki moja baadaye upepo ukarusha cheche, watu 25 wakafa.

#13 Sepetu
Haikuwa wiki. Moto wa kwanza ni tarehe 19 Oktoba, wa pili ni tarehe 20, yaani siku iliyofuata. Wazima moto walikuwa wamesharudi pale asubuhi kumalizia mabaki, na uliwaka tena kabla ya saa sita mchana, upepo mkali na mkavu ukishuka kutoka milimani. Zaidi ya nyumba 2,800 na mamia ya nyumba za kupanga ziliteketea. Uzito wa mfano wako uko hapo kwenye muda: hata kikosi kilichopo eneoni kinaweza kuzidiwa ndani ya dakika, ikiwa joto limebaki kwenye mboji na upepo umefika kabla yao.

#14 KisikiKimoja
Soma tena ulichoandika: "joto limebaki kwenye mboji". Cheche ilitoka wapi kama si kwenye kitu kilichokuwa kinafukuta ardhini? Upepo ulisafirisha tu.

#15 Cheche_Tatu
Na bila upepo kingefukuta hadi kife palepale. Kama unatafuta kilichovuka mstari, ni cheche. Mboji haina miguu.

#16 TutaLaChini
Kuna moto mmoja unaowapa haki wote wawili. New Mexico, 2022. Hermits Peak ulianza kama uchomaji uliopangwa, cheche zikavuka mipaka tarehe 6 Aprili. Calf Canyon, jirani yake, ulitokana na marundo ya matawi yaliyochomwa Januari mwaka huohuo. Theluji ilianguka juu yake zaidi ya mara moja, marundo yakaendelea kufukuta chini, moshi ukaonekana tarehe 9 Aprili, ukawekewa mstari, na upepo mkali ukautoa tarehe 19. Ile mioto miwili ikaungana na kuchoma zaidi ya hekta 138,000, mkubwa kuliko yote iliyorekodiwa katika jimbo hilo.

Rundo lililosukumwa kwa tingatinga huchanganyika na udongo. Udongo unanyima hewa, magogo ya ndani hayaungui haraka, lakini pia unatunza joto. Rundo la mikono, safi, linaisha kwa siku moja. Rundo lenye udongo linaweza kukaa wiki nyingi, na hata mvua huishia juu juu.

#17 Maji_Taratibu
Kuhusu maji kuishia juu juu: hilo ndilo tatizo la udongo wa mboji wa kinamasi. Mboji iliyokauka sana hukataa maji. Unamwaga, yanatengeneza vitone, yanakimbia pembeni. Chini moto unasogea sentimita chache kwa saa, na mboji ikishashika inaweza kuendelea kufukuta hata ikiwa na maji yanayozidi uzito wake mkavu. Indonesia mwaka 1997 na 2015 ndicho kilichotokea, miezi ya moshi, hadi mvua za msimu. Alaska na Siberia mioto kama hiyo hupita majira yote ya baridi chini ya theluji.

Kwenye mboji mstari wa jembe ni pambo. Mnachimba mtaro hadi udongo wa madini (usio na mboji) au hadi maji ya chini, au mnaziba mifereji ili maji ya chini yapande. Kwa sehemu ndogo, dawa ya povu kwa kiwango kidogo (asilimia 0.1 hadi 1 ya maji) inavunja ule ukinzani, maji yanazama. Piga maji, koroga kwa koleo, piga tena. Kumwagia bila kukoroga ni kupoteza.

#18 MlinziWaMnara
Kwa hiyo tunajuaje kuwa chini kuna joto? Siwezi kuchimba hekta nzima.

#19 Bi_Majivu
Mgongo wa mkono. Vua glovu, sogeza mgongo wa mkono juu ya majivu kwanza bila kugusa, kisha ndani, hatua kwa hatua kando ya mstari. Si kiganja, kwa sababu ukiungua kiganja umekosa mkono wa kushika zana. Majivu *meupe* laini ni onyo, pameungua kabisa na mara nyingi chini yake kuna shimo la kisiki lenye makaa. Usikanyage, piga kwanza na mpini. Tazama moshi asubuhi na jioni ukielekea jua, mwanga wa pembeni unaonyesha uzi mwembamba usioonekana mchana. Hata wadudu wadogo wakizunguka kwa kundi juu ya sehemu moja wanaonyesha joto.

Kamera ya joto kwenye droni inasaidia, lakini itumike alfajiri kabla jua halijapasha mawe. Na inaona uso tu. Kisiki kinachofukuta nusu mita chini, uso wake umepoa, hakitoki kwenye picha.

#20 Mwanafunzi_Porini
Swali nje ya mada kidogo: "kuni za saa 10" na "kuni za saa 1000" maana yake ndio muda zinaochukua kuungua?

#21 Sepetu
Hapana. Ni muda wa kuni mfu kufuata unyevu wa hewa, yaani kuziba kama asilimia 63 ya tofauti iliyopo kati ya unyevu wake na ule ambao hewa ingeuleta. Saa 1 ni nyasi na vijiti chini ya sentimita 0.6, saa 10 hadi sentimita 2.5, saa 100 hadi 7.6, saa 1000 hadi 20. Si nje ya mada hata kidogo. Mvua ya jana inalowesha nyasi, lakini mchana huu nyasi zimeshakauka tena, huku gogo nene halikuwahi hata kujua kuwa mvua imenyesha. Moto unatunzwa na gogo, unavushwa na nyasi.

#22 Jiwe_la_Kilele
Sasa niseme nililotaka kusema. Mmesahau tabaka la hewa. Bondeni usiku hewa baridi hukaa chini, moshi unabanwa, moto unasinzia, watu wanaandika taarifa nzuri. Kabla ya mchana tabaka hilo linavunjika, upepo wa juu unashuka, na ndani ya nusu saa moto unabadilika tabia. Tathmini ya mstari iliyofanywa saa 2 asubuhi haina thamani. Pimeni kuanzia saa 7 mchana hadi saa 11 jioni, mkiwa na kipima unyevu mkononi.

Na wakati wa kumalizia ndipo watu wanalegeza usalama. Mpango ni uleule aliouweka Paul Gleason, mzima moto wa misitu wa Marekani, mwaka 1991: mlinzi, mawasiliano, njia za kutokea, maeneo salama. Vinne vyote, hata kama mnafukia kisiki tu.

#23 MlinziWaMnara
Tuseme watu sita, mabomba mawili ya mgongoni ya lita 20, na saa nne za mwanga. Mzingo wa kilomita moja, nusu tambarare, nusu mteremko. Mnaanza wapi?

#24 KisikiKimoja
Visiki vyote ndani ya mita 10 za mstari. Wawili wanachimba, mmoja anamwaga kidogo kidogo, mmoja anakoroga. Maji yasiguse moto mkubwa unaoonekana, huo unajimaliza.

#25 Cheche_Tatu
Miti mifu kwanza, kisha mtu mmoja tangu dakika ya kwanza anatembea nje ya mstari mita 20 hadi 50, upande upepo unakoelekea. Kila akigeuka, anarudi kwa njia tofauti. Usipokuwa na huyo mtu, wanaochimba visiki wako hatarini.

#26 TutaLaChini
Mtaro wa chini uzolewe kabla ya yote mawili. Dakika 40 kwa watu wanne zinatosha kwa mita mia chache kama umeshachimbwa, halafu nendeni kwenye visiki vyenu.

#27 Maji_Taratibu
Mnagawana lita 40 kama mto. Kisiki kimoja kikubwa kinaweza kumeza bomba zima na bado kikawa na joto. Kwangua makaa yatoke kwenye kuni kwa makali ya jembe, yatandaze kwenye udongo mtupu, changanya na udongo baridi, rudia. Maji mtumie mwishoni kwenye nyufa ambazo jembe halifiki. Na msifukie! Kaa lililofukiwa bila kukorogwa linakaa na joto kwa siku nyingi, na huko ndiko uzi huu ulikoanzia.

#28 KisikiKimoja
Kuhusu kufukia nakubaliana na #27. Kuhusu mtaro kwanza, bado. Mita 500 za tambarare zina visiki pia, na huko hakuna mtaro wa kuzoa.

#29 TutaLaChini
Basi gawaneni, watatu watatu. Ila wa mteremko wawe na redio, na yule wa #25 aanzie upande wao.